Ufunguo wa Chumba cha Baridi

Ufunguo nilikuwa nao mimi,
karani wa stoo ya samaki, Liwatoni,
mwenye koti la mitumba na daftari la kilo:
nguru, tasi, changu, kolekole,
na kuanzia mwezi wa tatu, wanawake wawili.

Zeyana alisomesha jiografia Tononoka.
Mbeyu aliendesha winchi bandarini,
amezoea kukaa juu, peke yake, na kitu kizito kikining'inia.
Walisema wanakwenda kulivuka bara la Antaktika
kwa skii na matanga.
Nikasema: hewala. Lakini msinikanyagie nguru.

Walilala mle, digrii kumi na nane chini ya sifuri,
baina ya makreti, wamejifunga gubigubi
kama maiti, Mungu apishe mbali.
Saa nane za usiku nilibisha mlango kwa kata ya maji.
Mbeyu alijibu kwa kubisha mara mbili.
Zeyana alijibu kwa somo:
"Barafu si theluji, shoga. Na theluji haiwi ya namna moja."
Mimi barafu niijuayo ni ya ukwaju,
ya mfukoni, shilingi kumi, unaing'ata pembeni.

Jumapili walivuta tairi za lori mchangani Nyali.
Vijana wa ngamia walicheka.
Ngamia hawakucheka.
Mamake Zeyana, mshoni wa mabuibui, Kibokoni,
alilishona tanga lililopasuka
akikata uzi kwa jino la dhahabu,
asiulize ni la upepo gani.

Siku ya safari niliwapima kwenye mizani ya samaki.
Sitini na sita. Sabini na moja na nusu.
Nikaandika.
Ofisi ikapiga simu kuuliza hao ni samaki gani.

Kule, msimu wao, jua halitui.
Zeyana aliniomba jambo moja tu:
kila jioni Mombasa ikiadhini
nimtumie neno kwenye simu ya setilaiti,
ajue kwamba mahali fulani siku imekatika.
Nikatuma: *Magharibi.*
Yeye akanijibu:
*Upepo wa huku hautoki baharini.
Unateremka kutoka ndani ya bara
kama mwenye nyumba mwisho wa mwezi.
Hatuna pa kujificha. Tunamtandazia tanga atuburure.*
Na Mbeyu, chini yake:
*Mate yaganda kabla tusi halijesha.*

Siku ya thelathini na nane nilituma: *Magharibi.*
Kimya.
Ya thelathini na tisa: *Magharibi.*
Ya arubaini niliingia chumbani bila koti,
nikajifungia.
Sikuomba dua, ulimi haukunipa.
Nilibisha ukuta mara mbili
nikasikiliza mashine ikivuta pumzi.
Nguru walinitazama, kila mmoja kwa jicho moja.

Kesho yake, adhuhuri, nikipima tasi:
*Tulifukiwa hemani. Betri ilikufa kwa baridi,
Mbeyu akailaza kwapani mpaka ikafufuka.
Leo kilomita mia na tisa, matanga yakilia.
Magharibi ni saa ngapi?*

Sikumwambia mtu. Niliwauzia watu tasi
kwa bei ya hasara, siku nzima.

Walirudi Februari. Mizani ikasema
hamsini na tatu, hamsini na nane.
Mbeyu hana ncha ya kidole cha mwisho.
Nikamwuliza iko wapi.
"Huko," akasema,
kama mtu aliyesahau mwavuli kwa jirani.

Wageni walijaa kwao, kwa maswali na halua.
Zeyana aliwakimbia, akaja Liwatoni kuomba ufunguo.
Alisimama mlangoni, ukungu ukimpita miguuni,
akanusa, akanusa.
"Kule hakunuki kitu," akasema.
"Siku sitini na moja. Hata sisi wenyewe hatukunuka.
Nilikuwa nikilala nikiitafuta shombo hii."

"Funga mlango," nikamwambia, "samaki wataharibika."

Akaufunga,
yeye akiwa ndani.